Nguzo ya Sita

Dundori, Nakuru
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Kipkemei,

Kosa la wengi wanaojenga ua ni kuanza na mbao. Ua huanza na jirani. Nisamehe kwa kutanguliza hilo kabla ya salamu. Tangu Ijumaa sina jingine kichwani.

Hujambo huko Doha? Joto limeanza? Sisi ni wazima, ila magoti yangu hayapendi tena huu mlima. Shangazi yako Jerop amepona kifua. Mvua bado, na ng'ombe wamepunguza maziwa.

Sasa ua wako. Naftaly, fundi uliyempata kwa simu, alifika Jumatano na lori la nguzo. Si mwizi wala si mvivu. Mashimo yake yana futi mbili na nusu, kamba yake imenyooka. Alifuata hati ya shamba kama ulivyomwagiza: ng'oa ua wa zamani wa miiba ya kayaba, nyoosha mpaka. Kwa sheria hakukosea hata inchi.

Lakini ile kayaba haikupinda kule chini kwa uzembe. Ulikuwa shule ya bweni wakati jirani yetu Makhanu na mkewe Nangila walipofiwa na mtoto wao wa kwanza, wa miezi minne. Walikuwa wapangaji, hawana hata mahali pa kuzika. Marehemu baba yako, kaka yangu, akawapa kona ya shamba lake. Makhanu akapanda mtarakwa upande wa kichwa cha kaburi, na baba yako akaupindisha ua ili Nangila afike kwa mtoto wake bila kupiga hodi kwetu. Baadaye wakanunua shamba la kando wawe karibu na kaburi. Hakuna kilichoandikwa. Walipeana mikono, mimi nikiwa shahidi.

Ijumaa nilikuwa kliniki mjini. Niliporudi, mtarakwa haukuwepo. Naftaly alikuwa amepungukiwa nguzo moja, na mti huo, unajua, hauliwi na mchwa.

"Ulikuwa kwa laini, mzee," aliniambia. "Na boss alisema laini inyooke."

Nangila alikuwa amefika, amesimama kando ya mashimo.

"Ni ipi?" akamwuliza.

"Ipi nini, mathe?"

"Nguzo. Ni ipi?"

Akamwonyesha: ya sita kutoka langoni, bado nyekundu mahali ilipokatwa. Nangila akaishika, akakaa hivyo mpaka mumewe akaja kumchukua. Makhanu hakumtukana mtu. Aliniangalia tu, akasema, "Weldon, wewe ulikuwepo."

Ni kweli. Nilipaswa kukuandikia siku ile uliponiambia umepata fundi, nikaona ni jambo la kusubiri. Lawama hiyo ni yangu, siitupi kwako. Ila leo kanisani benchi lao, lile la nyuma yetu, lilikuwa tupu. Na usisahau ni nani aliyeanza kuchimba kaburi la baba yako, kabla hata sisi ndugu hatujashika jembe.

Kesho asubuhi Naftaly anamwaga zege, na shimo moja liko juu ya mtoto. Nimemsihi asubiri. Anasema anamsikiliza aliyemwajiri, na hapo pia hana kosa. Usinijibu kwa habari za hati, hati nimeisoma. Inasema shamba ni lako. Haisemi utaishi na nani ukirudi.

Binti yangu Lynn ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu mara nikimaliza, maana posta haiwezi kuiwahi kesho.

Jerop anakusalimu sana, na Lynn pia. Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe kwa majirani watakaoitikia salamu yako.

Baba yako mdogo anayekupenda,
Weldon

Nambari ya Makhanu haijabadilika. Mpigie leo, umwulize ua upite wapi.