Ombi Langu la Kwenda Houston

Irving, Texas
12 Machi 2025

Kaka yangu mpendwa Melkiori,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, wifi na wote wa nyumbani hamjambo, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi ni wazima. Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu Desemba. Simu zako niliziona zote, nami sikupokea hata moja. Sababu utaikuta humu.

Unajua nilikuja kumsaidia Joyceline kulea, kwa kuwa binti yangu ni muuguzi na zamu zake hazitabiriki. Usichojua ni kwamba huu ni mwaka wa pili, wajukuu wakishaingia shule, mimi nami naingia darasani katika chuo cha jamii kilicho jirani. Nasoma kemia. Kaka, somo hilo nililifundisha miaka thelathini kwa kuchora ubaoni bureti, ule mrija wa kupimia kemikali. Nimekuja kuishika nikiwa na miaka hamsini na tisa.

Chuo chetu hufundisha miaka miwili tu; anayetaka shahada huomba kuhamia chuo kikuu. Nimeomba kimoja cha Houston, ambacho hukataa watu wengi zaidi ya kinaowapokea. Joyceline aliposikia aliniuliza, kwa Kiingereza, kama nimewachoka wajukuu. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba wajukuu wana mama. Kwenye jumuiya ya watu wa kwetu hapa Irving, mwenyekiti wetu Leonce aliwatangazia watu kwamba Bibi Dorothea anafuata mchumba Houston, wakacheka hadi chai ikamwagika. Nilimwambia kwamba mchumba ningempata hapahapa, ila waliopo wote hawajui hesabu. Hapo walicheka zaidi, yeye hakucheka.

Ombi lenyewe linamtaka mtu ajieleze. Nilijieleza kama tulivyofunzwa: nikawashukuru marehemu wazazi wetu, masista walionisomesha, walimu wakuu wote niliowatumikia, na wewe. Juu yangu niliandika mstari mmoja, kwamba mimi ni mtumishi mtiifu. Bwana Sheldon, mshauri wa wanafunzi, alinirudishia karatasi akisema ndugu zangu amewafahamu wote na angependa kuwatembelea, ila anayeomba bado hamjui. Alitaka niseme nimeacha nini ili nifike hapo. Nilimwambia kwetu mtu hajisifu. Alijibu kwamba hakuomba sifa, aliomba ukweli.

Basi niliuandika, nao umekwenda. Kwa kuwa wageni wa Houston wanausoma, si haki wewe uukose.

Kaka, daktari hakunizuia kupanda ndege kuja kwenye arobaini, kama nilivyokuambia. Presha sina. Joyceline alitaka kunikatia tiketi, nikamkataza. Siku ya arobaini ya mama, misa ilipokuwa ikisomwa nanyi mkiniombea nipone, mimi nilikuwa maabara nikifanya mtihani wa mwisho. Bila alama za mtihani ule ombi langu lisingepokelewa. Nilifaulu.

Kwa uongo niliokuambia nakuomba radhi, na napiga magoti. Kwa mtihani siombi. Mwaka niliochaguliwa kuingia kidato cha tano, nilibaki kumuuguza baba kwa sababu kikao cha ukoo kiliamua hivyo, na hakuna aliyeniuliza. Safari hii nimeamua mimi. Ukitaka kuwaambia wanaukoo, waambie. Na jina langu liondoe katika maombi ya wagonjwa, kwani si mgonjwa.

Nisalimie wifi, na Patroba akirudi likizo mwambie shangazi yake anamkumbuka. Houston hawajajibu. Wakinikubali, nitakwenda, wakinikataa, nitaomba mwakani. Siku watakapoamua nitakaa mezani siku hiyohiyo nikuandikie, hata kama utakuwa hutaki tena kusoma barua zangu.

Mdogo wako,
Dorothea