Umeme wa Nguzoni

Dada yangu wa pekee,

Sijambo kiasi. Hili gari letu tunamoishi na kulala nimelishonea mapazia ya kijani, ungeyapenda. Umeme wake pia nimeuelewa: betri huwasha taa na kusukuma maji tu, lakini birika linataka umeme wa nguzo ya hapa tunapoegesha, na huo unaua.

Alhamisi mchana nilimweleza hivyo shemeji yako, alipotaka chai.

"Unanifundisha mimi?"

Akanibamiza uso kwenye sinki, jino likang'oka. Kisha akatoka, mikono imelowa, akauchomeka waya mwenyewe. Ulikuwa umechubuka. Ukamnasa, akawa anatetemeka, macho amenitolea.

Swichi ya nguzo ilikuwa hatua tatu tu kutoka mlangoni. Nilisimama, damu imenijaa mdomoni, nikamtazama. Baadaye ndipo nikaenda kuizima.

Yuko hospitali, kiganja kimeungua vibaya. Mama mkwe ananishukuru kwa machozi, eti nimemwokoa mwanawe. Dada, nakwambia wewe tu: nilisimama muda mrefu.

Jumatatu anaruhusiwa kutoka. Jumapili nakuja kwako, kwa sababu siku nyingine swichi sitaizima.

Ni mimi, kitindamimba wenu.