Visubi vya Manyoya vya Attracta Mannion

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu tulipokuzika karibu na ziwa Corrib, juma lile lile ambalo usubi wa kwanza huibuka majini na samaki aina ya trauti hupanda juu kuwala wadudu hao.

Ulifunga visubi vya manyoya, chambo bandia cha kuvulia trauti, kwenye meza ya chakula. Sisi tulikula tumebanana upande mmoja, maana upande wa pili ulikuwa wa jiliwa lako la kubania ndoano, uzi na ndoano zenyewe. Kisubi kidogo kuliko punje ya mchele ulikipa uzi mmoja wa unyoya wa tausi kifuani, na ncha ya unyoya mweupe wa mbuni mahali pa matamvua ambayo mdudu hupumulia. Hukuzidisha. Mvuvi aliyetaka rangi zaidi ulimshauri kwa upole akanunue kofia ya harusi.

Kila kimoja ulikijaribu kwenye glasi ya maji, uone kinavyoning'inia. Padri Lavelle alipokuja kula viazi na bekoni, akanyanyua glasi isiyo yake. Ulimshika mkono.

"Taratibu, Baba Padri. Hicho kina ndoano."

Mwaka huu Aprili ilifika na Baba akakataa kushusha mashua. Visubi ulivyoacha ni vichache, alisema, na akivipoteza hatapata vingine. Bintiyo Sorcha aliingiwa na hofu. Mzee wa huku akiacha mashua, haupiti mwezi kabla hajaacha hata kuamka kitandani. Babu alifanya hivyo. Basi akakaa kwenye jiliwa lako, akafunga kisubi, akampelekea. Baba alikitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki kimekula Krismasi," alisema.

"Basi nifundishe, Baba."

"Nikufundishe nini, mwanangu? Mama yako alifunga. Kazi yangu ilikuwa kuvipoteza."

Sorcha alikata, akafunga upya, akakata tena. Kosa lake lilikuwa la kila anayeanza: unyoya wa tausi unang'aa, na mkono hautaki kuuacha. Juma zima Baba alijificha nyuma ya gazeti, akiletewa kimoja baada ya kingine na kusema bado kinene. Jumamosi aliliweka gazeti chini. Alikitia kisubi kwenye glasi yake ya maji, akakiangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza nani aliyehamisha makasia.

Alirudi jioni na trauti wawili. Wa tatu alikuwa amekata uzi na kuondoka na kisubi cha Sorcha mdomoni. Vyako vilikuwa salama kwenye kikopo, hakuvigusa.

"Nifungie vingine," alimwambia, akivua buti. "Jumatatu upepo utakuwa mzuri."

Tunakukumbuka sote: mumeo Fintan, mabinti zako Sorcha na Gobnait, dada yako Philomena, wajukuu, na Padri Lavelle. Hatutakusahau, Mama, maisha yetu yote.