Nani Atamshusha Baba

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, kama utapata nafasi ya kuzipokea kati ya kunyanyua chuma kimoja na kingine. Natumaini u mzima. Safari hii nauliza kwa dhati, si kwa mazoea ya barua, maana mara ya mwisho nilipokuona ulikuwa na mpira wa dripu mkononi na midomo imepasuka kama ya mtu aliyepotea jangwani. Kuhusu sisi, ningependa kuandika kwamba hatujambo, ila sitaki kuanza na uongo. Cherehani yangu haijambo. Hiyo peke yake ndiyo naweza kuitolea ushahidi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yako inakaa zaidi kabatini kwenye jimu kuliko inavyokaa mfukoni. Nikikupigia asubuhi unakula, nikikupigia mchana unanyanyua, nikikupigia jioni unaniambia misuli inakua wakati wa kupumzika, kwa hiyo nisikuchoshe. Halafu nyumba yetu unaijua, vyumba viwili na pazia. Nikisema neno, Baba analisikia, na haya ninayotaka kukwambia Baba amenikataza kuyasema. Shemeji yako naye amenikataza. Kwa hiyo naandika hapa kibandani, juu ya meza ya kukatia nguo, na mteja akiingia naifunika karatasi kwa kitambaa. Nitaiacha mapokezi pale jimu, maana pale ndipo nina hakika utapita.

Naanza na hasira ndogo ili nipate pumzi ya kuifikia ile kubwa.

Mchumba wako alikuja hapa wiki iliyopita. Nilidhani amekuja kujaribu gauni, nikaweka pini mdomoni tayari. Akaniambia nisimalizie mikono kwa sasa, harusi imesogezwa tena, kuna mashindano mengine na ratiba ya chakula haiingiliani na sherehe. Alisema hayo huku anatabasamu, kama mwalimu anayewaeleza wazazi kwa nini darasa halina madawati. Nikamuuliza yeye mwenyewe anaonaje. Akasema mkitoka pamoja unapima kuku kwenye mizani ndogo ya mfukoni kabla ya kula, na akikusimulia jambo unaangalia saa, maana ule mlo wa saa kumi haungoji. Akasema amezoea. Mdogo wangu, msichana akishasema amezoea kabla hajaolewa, ujue mguu mmoja uko nje. Nilizitoa pini mdomoni nikaziweka kwenye kopo, na gauni liko hapa limening'inia bila mikono.

Sasa usije ukasema dada hapendi mazoezi. Mimi ndiye niliyekuongezea vitambaa makwapani kwenye mashati yote uliyonayo, na nilifanya hivyo kwa furaha. Nakumbuka kiwanda kilipowapunguza kazini, ulivyolala ukiangalia ukuta, hunywi chai, hujibu salamu. Aliyekuinua ni Baba. Alichukua makopo mawili ya rangi, akayajaza zege, akachomeka bomba katikati, akakuwekea mlangoni, fundi mwashi asiye na maneno mengi. Ulianza kwa kuyaruka, halafu ukayasukuma, halafu siku moja tukakusikia unayanyanyua huku unahesabu kwa sauti, na Baba akacheka peke yake jikoni. Chuma kilikurudisha kwetu na sijasahau. Ulikuwa unacheka mpaka majirani wa ghorofa ya chini wanagonga dari kwa fimbo ya fagio. Kicheko kile kimekwenda wapi? Siku hizi unatabasamu kwenye picha tu, umebana pumzi, na picha ikishapigwa uso unafungwa kama duka.

Haya. Sasa ile kubwa.

Unajua kwamba tangu kiharusi kimpate Baba, mguu wa kulia haumtii, wala mkono wa upande huo. Kila Alhamisi anatakiwa kwenda kliniki, kwenye zile fito mbili za chuma anazojishikilia kufundishwa kutembea upya. Yule mama wa viungo alitwambia waziwazi, wewe ukiwepo, kwamba goti lisipofanyiwa kazi kila wiki litaganda, na likiganda ndiyo basi. Unajua pia kwamba tunakaa ghorofa ya tatu, kwamba ngazi zetu kiti cha magurudumu hakipiti, na kwamba Baba hakubali kubebwa na mtu baki tangu siku ile alipojikojolea mgongoni kwa kijana wa jirani. Alilia siku ile, mtu mzima yule. Akasema kama ni kubebwa, abebwe na watu wake.

Watu wake wa kiume ni wawili. Kuna wewe, mabega yako yanaingia mlangoni kwa ubavu. Na kuna mume wangu, fundi simu, anayekaa kutwa na bisibisi ndogo kuliko sindano, ambaye wewe mwenyewe ulimbatiza jina la Njiti siku aliyokuja kujitambulisha, na jina likamganda mpaka mama yake sasa anamwita hivyo.

Ile Alhamisi niliyokuomba uje, ulikuja. Hilo nakupa. Baba alikuwa ameshavaa viatu, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, ameshika kofia. Ukasimama kizingitini na chupa yako ya unga wa protini, ukanieleza, kwa upole kabisa, kwamba mashindano yako karibu, kwamba kocha amekukataza kubeba uzito usio na mizani, kwamba mtu akikuelemea upande mmoja kwenye ngazi unaweza kuchana msuli na kazi ya mwaka mzima ikapotea. Uzito usio na mizani. Ulikuwa unamsema baba yako, na alikuwa hatua mbili kutoka kwako. Ulimi wake ndio mzito, masikio yake ni mazima. Baba akakutikisia kichwa kwamba sawa, akakuuliza kama umekula. Ukaondoka. Njiti akaweka bisibisi chini, akachuchumaa mbele ya kiti, akasema mzee panda, gari linaondoka. Baba akacheka. Mimi niliingia chumbani nikafunga mlango, maana ningekufuata barabarani na mkasi.

Tangu siku hiyo Njiti ndiye aliyembeba. Alikuwa anashuka ngazi moja moja, anapumzika kila ghorofa, anamwambia Baba hadithi za wateja wake ili mzee asione jasho. Kila Alhamisi. Na Baba alianza kupata hatua. Ulijua hilo? Aliachia fito akapiga hatua nne peke yake, yule mama wa viungo akapiga makofi. Hujui, kwa sababu nilipokutumia ujumbe ulinijibu kwa alama ya msuli.

Sasa nakuja kwenye jambo nililoapishwa nisiliseme. Wanisamehe wasinisamehe, shauri yao.

Siku ya mashindano yako tulikuwa ukumbini.

Baba ndiye aliyetaka. Alianza kudai wiki nzima kabla, kwa ule ulimi wake mzito, kwamba mtoto wake hawezi kupanda jukwaani bila mtu wa kwao. Alisema usiambiwe, usije ukapata wasiwasi. Njiti akamshusha ngazi zote, akamwingiza kwenye teksi, akamtoa, akambeba mpaka safu ya mwisho karibu na mlango. Baba alivaa koti lake la shughuli. Ulipoitwa ukatoka umepakwa mafuta, unang'aa kama meza mpya, ukumbi ukapiga kelele, na Baba, kwa kuwa mkono mmoja haufanyi kazi, akawa anajipiga gotini kwa ule mzima. Ndivyo alivyokupigia makofi. Nilikuwa na hasira na wewe, lakini nilivyomwona vile nikapiga vigelegele na mimi, nakiri.

Halafu Baba akaacha kupiga. Akaniuliza mashavu yako yamekwenda wapi. Akakutazama tena, akasema mtoto ana kiu. Nikamwambia ndivyo wanavyofanya, wanaacha maji tangu jana yake ili ngozi ishikane na msuli. Akanitazama kama niliyemtukana. Akamwomba Njiti akupelekee maji, sasa hivi.

Njiti akaenda nyuma ya jukwaa na chupa. Kocha wako akamzuia pale pazia, akamtazama juu mpaka chini, akamwambia hakuna anayempa mchezaji maji kabla ya fainali, na kwamba mashabiki wakae kwenye viti. Shabiki! Njiti hakubishana, unamjua. Alisimama tu pembeni na chupa yake. Ndiyo maana alikuwepo ulipoanguka.

Wewe ulipozinduka hospitali ulidhani mimi nimeitwa kwa simu, na umekuwa ukisimulia kwamba timu yako ndiyo iliyokubeba. Uliweka na picha, umeshika kombe la mshindi wa tatu, ukawashukuru kocha na ndugu zako wa chuma, waliokubeba ulipoanguka. Basi nisikilize. Ulianguka, mapaja yamekaza kama mbao, macho yamegeuka. Ndugu zako wa chuma walikuwa pale, vifua kama milango ya benki, na hakuna aliyeinama. Kundi lao lilikuwa linafuata kuitwa. Mmoja alisema akikubeba mafuta yatafutika. Mwingine alisema ameambiwa asinyanyue kitu kisicho kwenye mpango. Kocha wako alikuwa anamtafuta mtu wa huduma ya kwanza kwa simu, na mtu huyo alikuwa amekwenda kula.

Njiti ndiye aliyekubeba. Alijaribu ukamteleza kama sabuni, kwa hayo mafuta. Akavuta kitambaa cha meza ya makombe, makombe yakaporomoka, akakuzungushia, akakutupa begani. Wewe ni mzito mara mbili yake. Nilimwona anatokea kwenye mlango wa pembeni mwa jukwaa, amepinda kama ndoano, miguu yako inaburuta, na sauti iliyokuwa inamtoka sijawahi kuisikia. Akajikaza kisabuni mpaka kwenye teksi. Mimi nilikimbia nyuma yao, nikageuka, nikamwona Baba anatupungia kwa mkono mmoja. Alikuwa ananiambia niende. Nikaenda.

Kwa hiyo Baba alibaki. Fainali ikaendelea, washindi wakatangazwa, wakaita jina lako la tatu kwa alama za raundi ya kwanza, kocha akapokea kombe, watu wakatoka, na Baba amekaa safu ya mwisho. Mlinzi alikuja kumwambia wanafunga. Baba hakuweza kusimama, na kwa haraka hiyo maneno hayakumtoka, mlinzi akadhani mzee mkaidi, akamzimia taa. Nilipofika nilimkuta gizani, suruali imelowa, kofia ameiweka juu ya mapaja kujificha. Nilifungua mdomo kumwomba radhi. Hakunipa nafasi. Aliniuliza kama umeshapewa maji.

Njiti alimpandisha ngazi usiku ule akiuma meno, akalala chini, na mpaka leo anaamkia chini. Kuna kitu kimehama kwenye mgongo wake. Anafanya kazi amelala kifudifudi, simu za watu zimepangwa sakafuni, na akitaka kugeuka mimi ndiye ninayemgeuza. Nilimwonyesha ile picha yako na shukrani zako. Akacheka, akasema angalau umetoka vizuri. Halafu akashindwa kumaliza kucheka, kwa maumivu.

Na Baba hajashuka ngazi tangu siku hiyo. Alhamisi tatu zimepita. Jana nilimnyoosha goti kama nilivyofundishwa, likafika nusu likakataa. Nilisukuma kidogo, akauma mto. Hatua nne alizozipata zinaondoka, mdogo wangu, naziona zinavyoondoka. Nikasema nakuita. Akaniambia nikuache, una mashindano mengine.

Mimi sikuachi. Sikwambii uache chuma. Nyanyua unavyotaka, tunisha mpaka nishindwe kukupimia shati. Lakini niambie, mwili huo ni wa kazi gani kama baba yako ni mzito mno kwake? Niambie kocha ameuandika wapi kwenye mpango, nikausome. Umeunyima maji, umeunyima chumvi, umemnyima yule msichana harusi, na yote hayo ili watu usiowajua wakutazame dakika mbili. Sisi tunakutazama tangu umezaliwa, na hatujawahi kukuomba ubane pumzi.

Nisalimie mchumba wako, mwambie gauni bado lipo. Njiti hakusalimii, na Baba hakusalimii, maana hawajui kama nimekuandikia. Majirani wa chini wanakuulizia.

Kliniki inafungua saa mbili na nusu. Alhamisi saa mbili kamili Baba atakuwa amekaa mlangoni ameshavaa viatu. Nitamvalisha hata usiponijibu.

Ni mimi,
dada yako.