Marahaba ya Mama Mkwe

Mama yangu, shikamoo. Huku Mbulu baridi inauma, nimejifunga khanga zako zote mbili juu ya sweta.

Mama mkwe alibanwa na dume la ng'ombe kwenye nguzo za zizi, kule kijijini Daudi. Mbavu zilivunjika vibaya. Akivuta pumzi, upande mmoja wa kifua ulibonyea badala ya kuinuka. Na mwili wake mkubwa unaujua. Kulala chali kulimkaba. Ndugu wakafurika wodini, kila mmoja "Shikamoo mama," naye akijikaza kuitikia wote mpaka machozi. Daktari akapiga marufuku shikamoo! Watu wazima tukasimama kama mabubu, tunatazama miguu yetu kwa aibu.

Alituambia unene ule unafanya dawa ya usingizi iwe ya hatari, ila kumwacha hivyo, hawezi hata kukohoa, ni hatari zaidi. Wakampasua, wakaunga mbavu kwa vibati vya chuma na skrubu. Chuma, mama, ndani ya mtu anayepumua!

Leo asubuhi wamemkalisha kitandani, na kifua kinapanda chote kwa pamoja. Nimekitazama kama mtu anayeona jua likichomoza mara ya kwanza. Daktari akamsogelea: "Shikamoo mama."

"Marahaba!" Wodi nzima iligeuka. Kisha akatukazia macho sisi tuliojipanga ukutani: "Na ninyi, hamna adabu?"

Tukamwamkia mmoja mmoja, huku tunalia.

Ile shikamoo niliyoanzia hapo juu, mama, iitikie kwa sauti.

Mwanao, Pendo