Itundike Tu Kwa Msumari

Baba Njuguna,

Nakusalimu kutoka huku Nakuru, nikiomba Mungu hii karatasi ikukute umekula na goti limepoa. Mimi niko mzima, ila vumbi ya tao, huku mjini, hainipendi. Ile ng'ombe nyeusi imezaa? Na mama yetu Cucu, unamtoa nje aote jua? Usimwache akae kwa moshi siku yote.

Nimeandika kwa sababu simu yako umeizima tangu viazi ziungue na ukungu. Na hata ungekuwa umewasha, hapa kwa Njuguna ni chumba kimoja, nikiongea anasikia yote. Mwandiko wangu unaujua, soma polepole.

Baba Njuguna, huyu mtoto wetu hali chakula. Otieno, yule rafiki yake wa kazini, aliponipigia nije, nilidhani ni homa. Si homa. Anakaa mbele ya kompyuta, nikimwekea ugali inapoa hapo hapo. Juzi Otieno alikuja kutuona, akaangalia sahani akaanza utani wake: "Mathe, hii ugali ikikaa hivi bila kuguswa, programu ya Njuguna itasema imelala!" Mimi nikacheka. Njuguna akasimama akatoka nje. Otieno akashika kichwa, "Woi, mathe, nimeharibu." Ndio akanieleza.

Wacha nikwambie vile nilielewa. Hiyo kitu mtoto alituwekea kwa simu, sisi na majirani, ya kutuonya ukungu wa viazi ukikaribia, ameifundisha adabu kama ya mgeni. Kwanza inaangalia imeingia wapi. Network ikiwa nzuri inaongea sana, inaleta mpaka picha za majani. Ikiwa mbaya inasema maneno mawili tu. Betri ikienda chini, inanyamaza. Na simu ikikaa mahali pamoja bila kusonga, inafikiri mwenyewe amelala, inamwekea ujumbe mpaka aishike. Huku tao hiyo ni sawa, watu wanatembea na simu mfukoni.

Lakini yetu inakaa wapi? Si kwa ule msumari ulipiga kwa nguzo ya boma, mahali pekee network inashika? Asubuhi tunatundika, jioni tunatoa. Wewe ulikuwa kwa shamba umetega masikio ilie, nayo inakungoja uamke. Na huo msumari ulipigwa Njuguna akiwa ameshatoka nyumbani. Yeye akipiga, sisi tunakimbia tunashika. Angejuaje?

Sijasahau vile uliniambia tukisimama kwa hizo viazi nyeusi: "Sikupiga dawa kwa sababu mtoto alisema atanishtua." Hayo nimeyabeba mpaka hapa na sijamwambia. Lakini ile ingine aliisikia mwenyewe. Tangu azaliwe tukampa jina la baba yako, wewe hujamwita kitu ingine ila "Baba." Hata akivunja kikombe, "Baba, umevunja." Siku ile kwa simu ukamwambia, "Sikiza, kijana." Ananiuliza, "Mum, aliniita kijana?" Nikamwambia labda ni network ilikatakata. Akarudi kwa kompyuta.

Sasa ameirekebisha. Anasema ameifundisha kwamba kuna simu za kutundikwa, na mwenyewe hajalala, ako kazini, basi ilie kwa nguvu. Lakini hawezi kujua kama imeelewa mpaka simu ya kutundikwa huko kwetu iijibu. Majirani wote waliitoa hiyo programu kwa simu zao, na siwalaumu, hata wao wamepoteza. Wewe pekee hukuitoa. Ulizima tu. Kwa kompyuta yake kila simu ni kadoti, kama nukta ya taa, na yako ni nyeusi. Anaamka anaiangalia kabla hajanisalimia.

Mimi sina langu la kufanya. Hiyo kompyuta siijui, chakula anakataa, na nikiomba ninarudia maneno yale yale mpaka naona aibu mbele ya Mungu. Nikimwambia twende nyumbani anauliza ataangalia watu na macho gani. Nakaa tu hapa kwa kitanda nikishona sweta ya mtu haniambii kama ataivaa.

Nisalimie Cucu, umwambie dawa yake ya kifua nimepata. Nisalimie ndugu yako anayesaga unga kwa posho mill na mama wa kwaya anayenikamulia ng'ombe. Aliyekuletea hii ni jirani yetu Mama Chebet, alikuwa amekuja huku kwa daktari. Asiende bila chai.

Baba Njuguna, sikuombi umpigie. Sikuombi hata usahau viazi. Washa tu simu, uitundike kwa msumari, halafu uende zako shambani. Hatakusumbua. Ataona kadoti imewaka, na mimi nitajua kwa vile atakula.

Ni mimi mwenzako,
Mama Njuguna