Ukuta wa Baba Unapiga Hodi

Mama yangu uliyelala Litembo,

Nina habari, na zikikaa kifuani mpaka kesho nitapasuka. Baba ameongea na ukuta, na ukuta umemjibu!

Ngoja nikueleze taratibu, maana ungeshaniuliza, "Ukuta gani tena, wewe mtoto?" Tangu tukuzike, baba yuko peke yake pale nyumbani. Miguu inamsumbua, siku nyingine hata kufika kwenye swichi ya taa za uani ni safari. Kaka Gaudensi anataka kumhamishia kwake, Mbinga mjini. Baba hataki hata kusikia. Anasema kahawa yake iko Litembo, na wewe uko Litembo, sasa mjini anamfuata nani?

Unanijua mimi na nyaya. Nilipoifumua redio ya baba juu ya meza yako, wewe ndiye uliyewaambia wote, "Mwacheni, atairudisha." Nusu ilirudi. Safari hii nimenunua vishikwambi viwili. Kimoja nimekifunga ukutani jikoni kwangu Mbinga, kingine sebuleni kwenu, kando ya dirisha linalotazama jiko lako. Waya nimeuficha ndani ya ukuta, nikapiga lipu na rangi. Ungepitisha kiganja usiukute. Baba akigusa kioo, taa za uani zinawaka. Mtu akifika getini, anamwona. Nami nikibonyeza huku, sauti yangu inatoka kule papo hapo, bila yeye kupokea chochote. Nilijiona nimeula!

Kaka akatoa sharti: tujaribu Jumapili baada ya misa, na baba asipoitikia, anakwenda kumchukua kwa gari. Tukabonyeza. Nikamwona baba amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi.

"Baba! Baba, unanisikia?"

Akainua macho, akakitazama kioo, akarudi kwenye mahindi yake. Nikaita mpaka koo likakauka.

"Umeona?" kaka akasema. "Mzee haviwezi hivi vitu. Namleta wiki hii hii."

Mama, nilitaka kulia. Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Baba, mbona jana hukuniitikia kwenye kioo?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Niitikie nini? Sauti inaingia nyumbani kwangu, inaanza tu baba, baba, hata hodi hakuna. Ndivyo mama yako alivyokulea?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilisahauje? Mimi niliyekua namwona baba akirudi kutoka kwenye ngolo, mashamba yetu ya mashimo kule mlimani, jembe begani, anasimama nje ya jiko lako na kupiga hodi. Jiko la mkewe, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe! Hata mvua imnyeshee, haingii mpaka umjibu. Nawe hukumwacha hivi hivi: "Karibu, mgeni! Umetoka mbali?" Mnacheka wawili, sisi watoto tunatazamana, ugali unapoa. Nakukumbuka sana, mama, na nakukumbuka zaidi ukiwa pale mlangoni.

Basi siku ile ile nikabadilisha mipangilio. Sasa ukuta unagonga kwanza, ninapiga hodi, na kioo hakifunguki mpaka mwenye nyumba aguse na kusema karibu. Nikamwonyesha pia namna ya kuanza yeye. Akaitikia kwa kichwa tu, wala hakujaribu. Nikarudi Mbinga roho juu.

Leo jioni nasonga ugali, kaka amekuja kuniaga aende Litembo kumchukua baba, funguo za gari mkononi. Ukuta ukagonga. Nikagusa kioo, na sauti ya baba ikaja imenyooka:

"Hodi jikoni!"

Sijui nilitumwa na nini. Mwiko bado mkononi, nikajibu, "Karibu, mgeni! Umetoka mbali?"

Baba akacheka, mama, kicheko kile kile cha mlangoni kwako ambacho hatujakisikia tangu tukuzike. Nikarukaruka jikoni kama mtoto. Kaka akautazama ukuta, akanitazama mimi, akatia funguo mfukoni na kuvuta kiti asubiri ugali.

Baba anabaki Litembo. Anabaki na wewe. Pumzika sasa, mama yangu. Akipiga hodi, nitamwitikia mimi.

Ni mimi,
kitindamimba wako.